Baraza la chama cha taaluma: lichaguliwe au liteuliwe?

Mawakili wa Kenya huchagua wenyewe baraza la chama chao, LSK, na rais hukaa miaka miwili. Uingereza, General Medical Council inayosimamia madaktari ina wajumbe 12, wote wa kuteuliwa: nusu madaktari, nusu watu wasio wa fani hiyo. Zamani walikuwa 104, wengi wao wakichaguliwa na madaktari wenzao.

Kwa uhuru, kura inashinda. Rais aliyepewa kiti na mawakili anaweza kuishtaki serikali bila kuhofia kutumbuliwa. Mteule hana kifua hicho, hasa anayeteua akiwa waziri.

Kwa utulivu, kura inachechemea. Kampeni hula pesa, na makundi yake huingia hadi kikaoni. Mivutano ya baraza la LSK mwaka 2020 na 2021 ilifika mahakamani. Wateule hutulia zaidi, ingawa nao husinzia, maana hakuna mpiga kura wa kuwaamsha.

Penye uzito hasa ni nidhamu. Utamwadhibuje mtu ambaye kesho utamwomba kura? Kenya imelikwepa hilo kwa kiasi: kesi za mawakili husikilizwa na chombo tofauti na baraza.

Kama chama chenu kipo kutetea wanachama, pigeni kura. Kama kinalinda wagonjwa au wateja, teueni, ila kwa usaili wa wazi. Mkibeba yote mawili, itoeni kwanza nidhamu mikononi mwa baraza, halafu ndipo mbishane.