Kusomea vibonzo kwenye kishikwambi cha inchi 10: uzoefu wangu hapa Unguja

Nasoma na kuhakiki riwaya za michoro kwa kishikwambi cha Android cha inchi 10.1, kioo cha pikseli 1920 kwa 1200, uzito karibu nusu kilo. Kampuni nyingi zinatengeneza cha namna hii, na tofauti zao ni ndogo kwa kazi tunayoizungumzia, kwa hiyo haya yanahusu aina yenyewe. Kinafaa, lakini si kwa kila kibonzo, na sababu ni umbo la kioo kuliko ukali wa picha.

Dukani utatajiwa inchi na pikseli. Wewe uliza uwiano wa urefu kwa upana. Kioo cha inchi 10.1 chenye uwiano wa 16:10 kina upana wa sentimita 13.6 na urefu wa 21.7. Kijitabu cha vibonzo cha Kimarekani cha siku hizi kina upana wa karibu sentimita 17 na urefu wa 26. Ukiuweka ukurasa wake humo unajaa karibu kioo kizima, unabaki ukanda mwembamba tu juu na chini, na picha inakuwa asilimia 80 ya ile ya karatasi. Maneno ndani ya viputo yanasomeka bila kukuza. Manga, yaani vibonzo vya Kijapani, ambazo kitabu chake hakifiki hata sentimita 12 kwa upana, zinatokea kubwa kuliko zilivyochapwa. Hapo kishikwambi kinaishinda karatasi, hasa kwa wachoraji wa mistari myembamba.

Tatizo ni albamu, yaani vitabu vikubwa vya vibonzo, za Ufaransa na Ubelgiji. Karatasi yake ni kama sentimita 22.5 kwa 30, pana kuliko umbo la kioo hiki. Upana ukishajaa, unabakiwa na karibu sentimita mbili tupu juu na nyingine mbili chini, na ukurasa unashuka hadi asilimia 60. Albamu hizo zina visanduku vingi vya picha na maneno mengi, basi macho yanachoka kabla ya ukurasa wa ishirini. Programu nyingi zina kitufe cha kukata pambizo. Kikiwashwa, picha inapanda hadi karibu asilimia 67. Kizime mara tu unapofika kitabu ambacho michoro yake imevuka hadi ukingo wa karatasi, kwa sababu kila ukurasa utakatwa kwa kipimo chake na picha zitakuwa zinaruka ukubwa unapofungua. Vibonzo vya Marekani vya miaka ya 1940 navyo vina ukurasa mpana kuliko vya leo. Tovuti ya Digital Comic Museum inatoa bure vile ambavyo haki zake zimeisha. Tarajia nafasi tupu juu na chini.

Picha iliyotandazwa kurasa mbili ndiyo inayoumia kuliko zote. Ukilaza kishikwambi, urefu uliobaki ni sentimita 13.6, yaani nusu ya karatasi. Itazame hivyo kwanza upate mpangilio, kisha kisimamishe usome upande mmoja mmoja.

Kwa manga, washa mpangilio wa kulia kwenda kushoto kabla ya ukurasa wa kwanza. Msomaji wa huku ana bahati: aliyeshika juzuu ya Kurani chuoni tangu mdogo haoni ugeni wowote kufungua kitabu kwa upande huo. Kinachohitaji kuzoewa ni kwamba visanduku navyo, na viputo ndani ya kisanduku, huanzia kulia, hata kama maneno yenyewe ni ya Kiingereza na yanakwenda kushoto kwenda kulia.

Programu nyingine zina namna ya kukuonesha kisanduku kimoja kimoja, kikubwa, kikijaza kioo. Kwenye simu ya inchi 6 ni msaada mkubwa. Kwenye kishikwambi naizima, na anayetaka kuhakiki naye aizime, kwa sababu mchoraji hapangi visanduku tu, anapanga ukurasa. Kisanduku kirefu kinamfanya msomaji akae, vidogo vinne mfululizo vinamkimbiza. Vyote vikikuzwa sawasawa, mwendo wa hadithi umekufa, na mhakiki ataandika kwamba kitabu kinakwenda taratibu wakati kasi imeuliwa na programu.

Kuna jambo jingine ambalo kioo kinalificha. Kwenye kitabu, kufunua karatasi ni silaha: mchoraji anaweka swali mwisho wa ukurasa wa witiri na jibu mwanzo wa ukurasa wa shufwa, ule unaokutana nao kwanza baada ya kufunua. Manga nazo zinafuata hesabu hiyo hiyo, ingawa zimefungwa kwa upande wa kulia. Kwenye kishikwambi kila ukurasa unafunuliwa, kwa hiyo mshtuko wa kweli na mpito wa kawaida vinafanana. Ndiyo maana usomaji wa pili naufanya kwa kurasa mbili mbili, nikitazama nini kimewekwa kwenye shufwa. Angalia namba zilizochapwa kwenye ukurasa wenyewe, si zile za programu: programu inahesabu jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo shufwa yake inaweza kuwa witiri ya kitabu. Na ukimwelekeza msomaji wako ukurasa fulani, mtajie namba ya kitabu.

Mafaili sasa. CBZ, aina ya faili la vibonzo, ni picha zilizofungwa pamoja kwa zip, basi. CBR ni zilezile zilizofungwa kwa RAR, njia nyingine ya kufunga mafaili, na ndizo zinazoleta ubishi: RAR toleo la 5 halifunguki kwenye programu za zamani, unapata kioo cheusi au ujumbe kwamba faili limeharibika. Mara nyingi faili ni zima. Lifungue kwenye kompyuta, zifunge picha upya kwa zip, badilisha herufi za mwisho ziwe cbz. PDF inafunguka kila mahali lakini kurasa zinachelewa kutokea, hasa kishikwambi kikiwa na RAM ndogo. Kurasa zikija kwa mpangilio wa 1, 10, 11, 2, kosa ni majina ya picha. Yaandike 001, 002, 003.

Hesabu ya bando: ukurasa mzuri wa rangi ni kama kilobaiti 800, kitabu cha kurasa 150 ni megabaiti 120. Gigabaiti moja inakupa vitabu vinane, na memori kadi ya 64 inabeba kama 500. Kitabu kipya kabla hujakilipia, soma kama duka linakuruhusu kupakua faili au kusoma ndani ya programu yao tu. Umeme na mtandao vikikatika pamoja, tofauti hiyo utaiona.

Wenye majarida ya zamani ya Kiswahili, kama Sani au Kingo la James Gayo, wanaweza kuyahifadhi kwa njia hii hii kwa matumizi yao. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, na nyuma ya ukurasa weka karatasi nyeusi. Karatasi ya gazeti ni nyembamba; ukiweka nyeupe, wino wa upande wa pili unajitokeza katikati ya nyuso za wahusika. Usisubiri. Kwa hewa yetu, pini za katikati zinapata kutu na kutu inakula mkunjo. Vitabu vya karatasi ya kung'aa vina adhabu nyingine: vikinyonya maji wakati wa masika, kurasa zinagandana, na ukizibandua rangi inabaki upande mwingine. Hivyo viweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, na ndani tia vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.

Kishikwambi chenyewe nacho kina maadui wake. Ukikitoa kwenye chumba cha AC ukakaa nacho barazani, kinatoa jasho, na unyevu unaingia kwenye tundu la chaji. Kiache dakika kumi na tano kabla hujachomeka waya, kwa sababu umeme na maji ya chumvi vinakula zile pini ndogo. Juani hakisomeki, kioo cha kawaida kinashindwa na jua la saa sita, na ukipandisha mwangaza hadi mwisho betri inapata moto. Anayesomea pwani, na anayesoma manga nyeusi na nyeupe tu, bora atafute kisomeo cha wino wa kielektroniki (e-ink, kama Kindle), ila kisiwe cha inchi 6, maana hapo manga inabaki asilimia 70. Inchi 7.8 ndio mwanzo.

Kabla ya kuhukumu rangi za kitabu, zima ile hali ya kishikwambi iitwayo taa ya usiku (Night Light) na ile namna ya kusomea inayotia umanjano. Zima pia mwangaza wa kujirekebisha. Rangi ya ngozi za wahusika ndiyo ya kwanza kuharibika.

Nyota nne kati ya tano kwa anayesoma za Marekani na Japani. Msomaji wa albamu za Kifaransa nampa mbili tu: atafute kioo cha uwiano wa 4:3. Kwenye inchi 9.7 atapata asilimia 66 tu, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu aende hadi inchi 12.9, ambako ukurasa unafika karibu asilimia 87 na viputo vinasomeka kama vilivyo.