Skana ya mezani kwenye ofisi ndogo ya kodi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aishie hapa. Skana ya mezani, ile inayomeza karatasi yenyewe, ni kifaa cha maana kwa ofisi ndogo ya kodi, na yetu ikifa leo nitanunua nyingine kesho. Ila karatasi zenyewe bado zipo. Kilichopungua ni kuhangaika kuzitafuta. Aliyeuziwa maneno ya "ofisi bila karatasi" akadhani makabati yatajiondoa, msimu wa ritani, yaani taarifa za kodi za mwaka, utamfundisha vingine.

Kazi yetu ni kuandaa ritani za wafanyabiashara wadogo, wenye nyumba za kupangisha, waajiriwa wenye kipato cha pembeni na kampuni chache. Kila mteja huja na nyaraka zake: ankara, taarifa za benki, mikataba ya pango, vyeti vya kodi ya zuio, na ule mfuko. Aliyefanya kazi hii anaujua ule mfuko. Risiti za mwaka mzima zimekunjwa mara nne, nyingine zina namba ya simu ya mtu kwa nyuma, nyingine zimefifia hadi uziinamishe kwenye mwanga ndipo uione jumla.

Hizo zilizofifia ndizo zilizonisukuma kununua. Risiti nyingi za dukani huchapwa kwa joto, bila wino. Karatasi yenyewe ina kemikali inayogeuka nyeusi inapopata moto wa mashine. Ikikaa juani, ndani ya gari au ikigusana na mafuta, maandishi huanza kuondoka. Hata utepe wa gundi uliobandikwa juu ya tarakimu kwa nia njema ya kuzihifadhi unaweza kuzifuta. Sheria za kodi humtaka mlipakodi atunze ushahidi wa gharama zake kwa miaka, na risiti ya namna hiyo haina subira ya miaka. Ukiiskani wiki uliyoipokea umeiokoa. Kwa hili peke yake skana yetu imejilipa.

Nilikuwa nimezoea mashine ya kioo: funua mfuniko, laza karatasi, funika, subiri, rudia. Kwa kitabu cha risiti kilichoshonwa au cheti cha zamani kinachotaka kuchanika bado haina mpinzani, nasi hatukuitupa. Kwa bunda la taarifa za benki za mwaka mzima ni adhabu. Simu nayo ina nafasi yake, hasa mteja akiwa mbali, lakini picha zinazokuja kwa WhatsApp zimeshabanwa njiani, ukizikuza tarakimu zinakuwa ukungu. Tunawaomba wateja watume kama hati badala ya picha, na wapige karatasi ikiwa imelala mezani kwenye mwanga, siyo ikiwa mapajani na kivuli cha kichwa juu yake.

Skana za daraja tunalotumia hutangazwa kwa kasi ya kurasa 30 hadi 40 kwa dakika, tena pande zote mbili kwa mpito mmoja. Kasi hiyo ni ya kweli kwa karatasi safi za A4 zilizotoka kwenye bahasha moja. Kwa ule mfuko, kasi ni ya vidole vyako. Kila pini ya stapla lazima ing'olewe, kila kona iliyokunjwa inyooshwe, kila kikaratasi cha njano chenye gundi kibanduliwe. Pini moja ikipita inaweza kukwaruza kioo cha ndani, na hapo umeharibu mashine kwa kipande cha waya. Kazi ya kuandaa hula muda kuliko kuskani kwenyewe, na hakuna tangazo linalokuambia hivyo. Ukipanga ratiba, panga kwa mtu anayeng'oa pini.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni sensa ya sauti, yaani kihisi cha kugundua karatasi zilizogandana. Mashine hurusha mawimbi ya sauti tusiyoyasikia kupitia karatasi. Zikipita mbili zimegandana, kuna hewa katikati, mawimbi yanadhoofika, mashine inasimama na kulalamika. Bila hiyo ungepoteza ukurasa wa saba wa taarifa ya benki usijue hadi mkaguzi aulize. Lakini mteja aliyegundisha risiti zake kwenye karatasi nyeupe, kwa unadhifu wa kusifika, ataifanya sensa hiyo ipige kelele kila ukurasa. Kwa bunda la aina hiyo huwa tunaizima, kisha tunahesabu kurasa kwa mkono na kulinganisha na idadi iliyo kwenye faili. Baada ya bunda hilo tunaiwasha tena. Tumeandika hivyo kwenye kadi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine.

Mipangilio ya kiwandani ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa imepangwa ipendeze machoni na faili liwe dogo. Chukua kile cha kuruka kurasa tupu. Kinasikika vizuri: karatasi zenye upande mmoja hazikuachii kurasa nyeupe. Kasoro yake ni kwamba mashine huamua utupu kwa kupima kiasi cha weusi. Mhuri uliogongwa kwa wino uliokwisha nyuma ya ankara, au "imelipwa" iliyoandikwa kwa penseli, huonekana kwake kama ukurasa mtupu, na huondoka kimyakimya. Katika kodi, huo mhuri ndio ushahidi kwamba fedha ilitoka. Tumekizima. Kurasa nyeupe zinanikera kidogo. Mhuri uliopotea ungenikera zaidi.

Tunaskani kwa nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho una nukta 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7, ambazo kwa rangi na bila kubanwa ni takriban megabaiti 26. Kwa hiyo kubana ni lazima, na programu hushusha faili hadi kilobaiti mia kadhaa. Hapa ndipo mtu wa hesabu anapaswa kukaza macho. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye skani. Aliona kwenye ramani ya jengo: vyumba vya ukubwa tofauti kabisa vilisomeka vyote mita za mraba 14.13. Kwingine 6 iligeuka 8. Chanzo kilikuwa namna ya kubana iitwayo JBIG2, ambapo mashine hutafuta vijipande vinavyofanana kwenye ukurasa, ikahifadhi kimoja na kukirudia kila mahali. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini fundisho la kiufundi linabaki: ukurasa haukuonekana umeharibika. Ulionekana safi, namba zikiwa za uongo.

Fikiria hilo kwenye jedwali la uchakavu wa mali. Sisi tumeondoa kila kipangilio kinachojisifu kwa "faili dogo kabisa", tunaskani kwa rangi au kijivu, na nafasi ya diski tunailipia. Siku hizi diski ni rahisi kuliko kubishana na mkaguzi.

Halafu kuna utambuzi wa maandishi, ambao programu huufanya baada ya kuskani na kuweka tabaka la maneno yasiyoonekana chini ya picha. Kwa kutafuta, ni neema. Mwaka jana barua ya ukaguzi ilitaka mikataba ya pango ya mteja mmoja kwa mwaka uliokwisha kusahaulika. Zamani ingekuwa safari ya stoo na vumbi puani. Niliandika jina la mtaa ilipo nyumba, mkataba ukatokea pamoja na barua mbili za mpangaji ambazo hata mteja hakukumbuka kuwa alituletea.

Kwa kusoma tarakimu, siuamini. 1 na 7, 5 na herufi S, 0 na O, nukta na mkato: kwenye risiti hafifu huchanganywa, na mkato ukigeuka nukta elfu moja inakuwa moja. Ziko programu zinazojitapa kwamba zitavuta jumla kutoka kwenye risiti na kuiweka moja kwa moja kwenye leja. Nimezijaribu. Zinasaidia kuchapa, hazisaidii kuhakiki, maana mtu bado anaitazama picha na namba ubavuni. Kijana wetu wa ofisini huchapa haraka kuliko anavyosahihisha, kwa hiyo tukamwacha achape.

Majina ya mafaili ndiyo yaliyotugombanisha ofisini kuliko mashine. Skana, ukiiachia, huita kila kitu "Skani_0001" na kuendelea mbele. Tulikubaliana mwishowe: namba ya mteja, mwaka wa kodi, aina ya hati, kisha tarehe ya hati ikianza na mwaka, 2023-04-17, ili kompyuta izipange zenyewe kwa mfuatano. Tarehe ya hati, nasisitiza, siyo siku tuliyoskani. Jina la mteja halimo kwenye jina la faili, kwa sababu faili husafiri: hutumwa kwa barua pepe, huonekana kwenye kioo mtu mwingine akiwa ameketi mbele yako. Mwenzangu alitaka folda ndani ya folda ndani ya folda. Mimi nilitaka folda moja kwa kila mteja kwa kila mwaka, basi. Nilishinda, na kila msimu ananikumbusha kwamba nilishinda kwa kuwa ofisi ni yangu.

Tunahifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF iliyowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu: kila kinachohitajika kulionyesha faili kimo ndani yake. Kwa wateja wa kawaida tofauti haionekani. Kwa hati itakayofunguliwa miaka mingi ijayo na programu ambayo haijatungwa, naiona ni bima isiyo na malipo.

Sasa karatasi ziende wapi? Swali hili aliniuliza mteja wetu mmoja, mama mtu mzima, siku aliponiona naskani mfuko wake. "Na karatasi zangu je, mwanangu, unazitupa?" Nikamjibu, "Hapana mama, zako unarudi nazo." Ndivyo tunavyofanya. Karatasi za mteja ni mali ya mteja. Tunaskani, tunazipanga kwenye bahasha, anaondoka nazo na kusaini kuwa amezipokea. Mashine ya kukatakata inakula nakala zetu tu, tena baada ya ritani kuwasilishwa na mtu wa pili kufungua faili na kuangalia ukurasa kwa ukurasa. Mikataba yenye sahihi za wino, hati za umiliki, vyeti vya hisa na chochote chenye mhuri wa mahakama hakikaribii mashine hiyo kamwe. Nchi nyingi hukubali kumbukumbu za kielektroniki kwa masharti, na masharti hayo yanatofautiana, hivyo soma sheria ya kwako kabla ya kuwasha kile kisu. Kwa hiyo makabati yetu hayakuisha. Yamebaki nusu, na nusu hiyo ni ya vitu vinavyostahili kuwa humo.

Usalama nitausema kwa ufupi kwa sababu hauna mjadala. Kabati la chuma likiibwa, mwizi anahitaji gari. Kumbukumbu zote za wateja sasa zinaenea kwenye diski inayoingia mfukoni. Diski zetu zimefungwa kwa usimbaji na nywila, kuna nakala tatu, moja iko nje ya jengo, na moja huchomolewa kabisa kwenye kompyuta ili virusi vya kuteka mafaili visiifikie. Kila mwezi tunachagua faili lolote na kulirudisha kutoka kwenye nakala, kuona kama linafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu.

Kuhusu matunzo: mistari ya wima. Ukiona mstari mwembamba unaoteremka kwenye kila ukurasa, mahali palepale, usidhani karatasi zimechafuka. Ni chembe kwenye kile kioo chembamba cha ndani, mara nyingi gundi ya kikaratasi cha njano au wino wa kufutia uliomeguka. Mashine ya kioo ingekuonyesha doa. Hii, kwa kuwa karatasi ndiyo inayotembea, hulivuta doa likawa mstari, na mstari huo ukipita kwenye safu ya kiasi unaweza kusomeka kama 1. Kitambaa laini na spiriti kidogo vinatosha. Tunapangusa kila asubuhi ya siku za kuskani, kabla ya bunda la kwanza.

Rola nazo huchakaa. Dalili ni mashine kuanza kumeza karatasi mbilimbili au kuteleza bila kuvuta, na watu wengi huiona imekufa wakati inahitaji mpira mpya. Kwenye yetu rola hubadilishwa kwa mkono bila bisibisi, na programu huhesabu kurasa na kukuonya muda ukikaribia. Nunua seti ya akiba kabla ya msimu, kwa sababu zitakwisha wiki ile ile ambayo kila mteja amekumbuka tarehe ya mwisho.

Lawama yangu iliyobaki ni ya programu, siyo ya mashine. Baadhi ya programu za kuhifadhi nyaraka zinazouzwa pamoja na skana huweka mafaili kwenye ghala lake la ndani, kwa majina yake, na hulipiwa kila mwezi. Ukiacha kulipa, unabaki na rundo usiloweza kulisoma. Kabla ya kununua, skani karatasi moja mbele ya muuzaji, kisha mwambie akuonyeshe PDF hiyo ikiwa kwenye folda ya kawaida, kwa jina ulilolichagua wewe, na uifungue kwa kompyuta nyingine isiyo na programu yake. Sisi tulimwomba hivyo muuzaji wa kwanza akaanza kuzungumzia punguzo la bei, tukaenda kwa wa pili.