Uzoefu wangu: vichwa vya greni 75 vilivyonikosesha koyoti na yule kaka wa kaunta

Nyota moja kwa hili duka la vifaa vya bunduki. Na hiyo moja nawapa kwa sababu paking yao kubwa.

Niko Texas huku nje kidogo ya San Angelo, nafuga mbuzi, siyo wengi, na wenyewe Boer yaani wametoka Afrika kama mimi. Anayetusumbua ni koyoti. Kwa wasiomjua, mfikirie mbweha wa kwetu ila amekula akashiba na ana akili ya wakili. Texas anawindwa mwaka mzima, hakuna msimu wala idadi, kwa hiyo shida siyo kibali cha kumpiga, shida ni kumpata. Mwanzoni mwa mwaka nikapoteza vitoto vitatu ndani ya wiki moja, mama watoto akasema sasa basi, ama wewe ama wao.

Bunduki yangu ni ya .223 (huo ni ukubwa wa risasi yake), ya zamani, nimeinunua kwa mtu, mtutu mzito, inapiga vizuri tu. Risasi najaza mwenyewe gereji, kipresi changu kidogo cha kubania risasi, mizani, kitabu, nilianza kile kipindi cha korona fataki (vile vidude vya kuwashia baruti) zilipopotea madukani na risasi za boksi zikawa bei ya dhahabu. Nilikuwa natumia vichwa, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, vya greni 55 (greni ni kipimo cha uzito), ila nikaona hivi huyu mnyama si nimpige na kitu kizito zaidi? Hapo ndo nikaenda dukani kuomba ushauri. USHAURI. Sikwenda kuomba sadaka.

Kaka yuko nyuma ya kaunta na simu yake. Nikamsalimia, hakuitikia. Nikamweleza nataka kichwa cha koyoti, bunduki .223, ya zamani, akavuta boksi la greni 75 akalisukuma kwenye kioo. Nikamuuliza, hiki kitakubali kwenye bunduki yangu? Hapo ndo akaniangalia kwa mara ya kwanza, akacheka, akasema .223 ni .223, halafu akaniuliza kwetu tunawindia nini, mikuki? Mwenzake naye akacheka. Mimi nikalipa. Hadi leo najiuliza kwanini nililipa, nadhani nilitaka tu kutoka pale.

Usiku tatu nimekaa gereji. Maganda hamsini, kuyasafisha, kuyarudisha umbo, fataki moja moja, baruti ya Varget napima kila chembe nikianzia chini kabisa kama kitabu kinavyosema, kichwa juu, presi, lingine. Mgongo umekufa. Jumamosi kabla jua halijachomoza nimekaa chini ya mti wa mesquite nimeweka kile kifaa cha sauti ya sungura anayelia, baridi inaingia hadi kwenye meno, na kweli dakika kama ishirini akaja. Akazunguka kwa upande wa upepo kama wanavyofanya siku zote, akasimama yadi themanini hivi, ubavu wote kanipa. Siwezi kukosa pale. Nikakosa. Vumbi likaruka mbali kabisa kushoto, yeye akaniangalia kidogo, naapa aliniangalia kama yule kaka wa kaunta, akaondoka zake.

Nikadhani darubini imegongwa. Nikaweka karatasi yadi mia nikapiga tano. Matundu yametawanyika kama sinia la pilau, hiyo tisa, kilichonishtua ni umbo lake, mawili siyo duara, ni marefu, kichwa chote kimechorwa ubavu kwenye karatasi. Yaani risasi ilikuwa inafika imelala!

Mzee jirani yangu, mfugaji wa kondoo miaka yote, ndo alinitoa gizani. Alichukua fimbo ya kusafishia, ile ambayo mpini wake unazunguka, akakaza kitambaa mbele, akaweka alama, akaisukuma ndani ya mtutu taratibu hadi alama ikamaliza mzunguko mmoja, akapima kwa futi. Inchi 12. Akasema mwanangu, mistari ya ndani ndo inaizungusha risasi, na kichwa kirefu kinataka kizunguke haraka, hizo greni 75 zinataka inchi 8 au 9 kwa mzunguko, kwenye mtutu wako zinayumba kama pia iliyoisha nguvu. Dakika tano, hajanicheka hata kidogo, halafu chai. Kwanini dukani nisielezwe hivyo?

Nikarudi na boksi. Vichwa vimebaki zaidi ya nusu. Wakasema haturudishi, ni usalama. Sawa, hilo nawaelewa, hata mimi nisingenunua vilivyorudishwa na mtu nisiyemjua. Ila hata pole? Ikabidi nikazing'oe risasi zilizobaki kwa ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa, gonga, mwaga baruti, gonga, watoto wanauliza baba anajenga nini.

Sasa nisemeje, vichwa vyenyewe si vibaya. Mwenye bunduki mpya yenye msokoto wa haraka, yaani ile mistari ya ndani inayozungusha risasi haraka, atavipenda, na kwenye upepo wa huku vizito vinatulia kuliko vyepesi. Na nikiri jambo, boksi lina maandishi ubavuni, madogo kama ya dawa, yanataja msokoto unaotakiwa. Sikusoma. Na ningepiga karatasi kwanza kabla ya kwenda porini ningejua siku ileile. Kwa hiyo labda nyota mbili. Lakini ngoja, mimi ni mfuga mbuzi, yeye ndo anakula mshahara wa kujua hayo! Swali nililomuuliza lilikuwa ndilo lenyewe kabisa, na jibu lake lilikuwa mikuki. Moja. Inabaki moja.

Mzee alinipa vichwa aina ya V-Max za greni 50, zile zenye ncha nyekundu ya plastiki, nikajaza ishirini, zikalala kwenye karatasi unazifunika kwa kifuniko cha soda. Koyoti wa kwanza hakusogea hatua mbili. Anayetaka ngozi asinifuate mimi, zinapasuka ndani na wakati mwingine zinatoboa vibaya upande wa pili, ila mimi siuzi ngozi, mimi nataka vitoto vyangu vilale.

Jumamosi hii narudi dukani kulekule, jamani msinicheke, fataki ndogo za raifo ziko kwao tu huku. Ila kwenye kaunta ya yule kaka sipangi foleni, hata awe peke yake.