Uchunguzi wa mikorosho inayokauka matawi: ripoti makini, mapokezi mabovu

Mkorosho unaokauka matawi kuanzia nchani humweka mkulima katika kubahatisha, kwa kuwa dalili hiyo moja ina visababishi kadhaa, na kila kimoja kinataka hatua yake. Mbu wa mikorosho akifyonza chipukizi, ncha hukauka. Kuvu iitwayo Lasiodiplodia theobromae ikipenya kwenye jeraha, tawi hufa polepole kuelekea shinani. Mnyauko fuzari nao, ambao chanzo chake kimo udongoni, huweza kuukausha mti upande mmoja kabla ya kuumaliza wote. Salfa tuliyoizoea huku kusini kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, si tiba ya lolote kati ya hayo matatu. Ndiyo maana nililipia uchunguzi katika maabara moja binafsi ya magonjwa ya mimea, na tathmini hii inahusu kazi yao.

Udhaifu wao mkubwa uko mapokezi. Mteja huambiwa alete tawi lililokufa, ilhali tawi lililokauka kabisa halina mengi ya kueleza: humo hujaa kuvu za kuozesha, kama vile Trichoderma na Aspergillus, ambazo hukua haraka na kuificha ile inayotafutwa. Kinachofaa ni kipande chenye mpaka baina ya sehemu hai na sehemu iliyokufa, kilichofungwa kwa karatasi wala si kwa plastiki inayotunza unyevu, na kufikishwa kingali kibichi. Maelezo hayo niliyapata kwa mtaalamu wa ndani baada ya kudadisi, na sioni kwa nini hayaandikwi kwenye fomu ya kuleta sampuli.

Ndani ya maabara, hali ni tofauti kabisa. Vipande vidogo hukatwa hapo mpakani, huoshwa kwa hipokloriti ya sodiamu ili kuua vimelea vya juu juu, husuuzwa kwa maji safi yasiyo na vijidudu, kisha huoteshwa juu ya agari ya viazi, chakula kizito kama jeli cha kukuzia kuvu. Ripoti niliyopewa ina picha za hadubini zinazoonyesha spora (chembe za uzazi za kuvu) changa, angavu na zisizo na kizigeu, yaani ukuta wa kuigawa chembe, pamoja na zilizokomaa, za kahawia iliyokolea, zenye kizigeu katikati na mistari ya urefu. Hizo ni alama za Lasiodiplodia. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba waliandika jina la jenasi, yaani kundi la spishi zinazohusiana, wakaishia hapo, kwa maelezo kuwa spishi za theobromae na pseudotheobromae, iliyotenganishwa nayo mwaka 2008, hazitofautishwi kwa uhakika kwa macho, na kwamba hata kipimo cha vinasaba hakitoshi kikisoma peke yake ITS, kipande cha vinasaba kinachotumiwa sana kutambulisha kuvu, bila jeni nyingine kama TEF1. Maabara yenye tamaa ingejaza jina kamili na kupokea sifa.

Waliotesha pia vipande vya shina kutafuta Fusarium, kuvu iletayo mnyauko fuzari, wala hawakuipata. Kwangu jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko lile la kwanza, maana mnyauko hautibiki kwa kupogoa.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote limefichwa ukurasa wa mwisho, kwa sentensi moja tu: Lasiodiplodia huweza kukaa kimya ndani ya mti usio na dalili hadi ukame au jeraha vitakapoudhoofisha, na kwa hiyo kuikuta kwenye tawi hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoliua. Uthibitisho hutaka kuambukiza miche mizima na kuiotesha tena kuvu ileile kutoka kwenye miche hiyo, kazi ambayo bei hii haiihusishi. Sentensi hiyo ilistahili kuwa chini ya jina la kuvu, si baada ya stakabadhi.

Ushauri wao wa tiba ni hafifu: "tumia dawa ya kuvu," basi. Hakuna neno kuhusu kukata tawi chini ya sehemu iliyokufa hadi kwenye ubao usio na doa, kuyachoma masalia, kusafisha msumeno kati ya mti na mti, wala kumdhibiti mbu ambaye majeraha yake huifungulia kuvu njia.

Kwa uoteshaji na hadubini, ningelipa tena bila kusita. Kipimo cha vinasaba, kinachotozwa ada ya ziada, hakimfai mkulima wa kawaida, kwa sababu spishi iwayo yoyote, atapogoa na kuchoma vilevile. Ningekipendekeza kwa wenye vitalu vya miche ya kubebesha, yaani ya kuunganisha, ambao vikonyo vyao (vijitawi vya kuunganishia) huweza kubeba kuvu iliyojificha kutoka mti mama hadi mashamba ya wengine.