Gereji ya mashine za boti Mtwara: nimelipia sili, nikapakwa silikoni

Nianze kiungwana, halafu tutaona. Gereji ipo Mtwara mjini, mwenye boti huku anaijua, jina naliacha. Mashine ni Yamaha Enduro 40 ya zamani, ya kuchanganya oili na petroli, inavusha watu na mizigo upande wa Msangamkuu. Iliingia kwao wakati wa kusi kwa tatizo moja tu: oili ya gia ilikuwa inatoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia mguuni, yaani sehemu ya chini ya mashine yenye gia na propela, kwa kupita sili, zile pete za mpira zinazozuia maji na oili kwenye shafti. Ikarudi na risiti imeandikwa "sili zote mpya". Haikupita muda mrefu, chai ileile.

Nilipoomba kuziona sili za zamani, bosi wao akanijibu mbele ya wateja: "Mzee, za zamani unataka ukazichemshie supu?" Vijana wakaangua kicheko. Hela inauma, lakini hili ndilo lililonichefua, kwa sababu fundi wa kweli ndiye angekuwa wa kwanza kunionyesha. Sili iliyotolewa inasema ugonjwa. Mdomo ukiwa umechanika sehemu moja, huo ni mshipi wa wavuvi. Ukiwa umeliwa mzunguko mzima, kaangalie shafti. Ukiwa mgumu na una nyufa, ni uzee au joto. Asiyekuwa na sili ya zamani ya kuonyesha, basi ama hajui kuisoma ama hakuitoa.

Hawakuitoa. Mguu ukishushwa, jambo la kwanza unaloliona juu ni nyumba ya impela, kile kipanga cha mpira cha pampu ya maji, na bolti zake nne. Zangu zilikuwa zimeganda chumvi nyeupe vichwani, rangi haijakwaruzwa hata kidogo. Sasa sili za shafti ya kusimama, ile inayoshusha nguvu ya injini mpaka kwenye gia, zipo chini ya pampu ya maji. Huwezi kuzifikia bila kufungua bolti hizo, hakuna njia ya pembeni. Na aliyefika pale anabadilisha na impela hapohapo, maana kazi ngumu imeshafanyika.

Nyuma nako ni aibu nyingine. Hausingi, yaani nyumba ya beringi inayobeba shafti ya propela, inazibwa na oringi, pete nyembamba ya mpira. Oringi ya zamani wameirudisha ilivyo, bapa kabisa, halafu wakazungushia silikoni ya madirisha. Silikoni juu ya oringi iliyolala haizibi kitu, inashika juu juu tu. Mguu ukipata moto oili inapanuka na kutafuta upenyo, ukipoa ndani ya maji unavuta maji kupitia upenyo uleule. Vipande vinavyobanduka vinaishia kwenye gia. Masikio ya hausingi yana alama za nyundo. Hausingi iliyoshikwa na chumvi haipigwi, inavutwa kwa pula, kifaa cha kung'olea, na gamba la nje linapashwa moto kidogo kwa tochi ya gesi mpaka aluminiamu ipanuke. Taratibu, huku umeshaondoa petroli yote karibu.

Niseme haki yao: mwanzoni walikisia vizuri kidogo. Walikuta uchafu mweusi unachuruzika kitovuni mwa propela wakasema siyo oili ya gia. Kweli. Mashine hizi hazina oili ya injini inayokaa chini, oili inaungua pamoja na petroli, na isiyoungua inatoka na moshi kupitia kitovu cha propela. Ukiigusa ni nyepesi, inanuka petroli na masizi. Oili ya gia ni nzito, inavutika vidoleni, ina harufu ya salfa. Uchafu mweusi ukizidi, angalia mchanganyo kwanza: kwa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili, na wengi huku wanamimina mara mbili yake kwa hofu. Utelezi ukionekana juu, chini ya kifuniko cha injini, hapo tafuta kabureta inayofurika au diaframu ya pampu ya mafuta. Haya walinieleza bila kuulizwa, na kabureta yenyewe waliisafisha vizuri mno, mashine ikinguruma polepole haizimi. Kwa hilo ningewapa nyota tatu.

Lakini mtu hakupeleka kabureta.

Kipimo chenyewe ni hiki, wala hakihitaji gereji. Boti ikiwa imelala bila kuguswa usiku kucha, legeza kidogo asubuhi skrubu ya chini ya oili ya gia, pale mguuni. Maji ni mazito kuliko oili, yakiwemo yatatangulia. Tazama sumaku ya skrubu kama ipo: unga laini wa kijivu ni kawaida, vijipande vinavyong'aa siyo kawaida, hapo gia inakula na sili haitasaidia. Mwaga oili yote. Funga skrubu ya chini, kwenye tundu la skrubu ya juu funga kipira chenye geji ya presha na pampu ya baiskeli. Anza na psi 4 hivi, maana sili mbovu mara nyingi huvuja kwenye presha ndogo kisha hujibana ikiongezeka. Panda mpaka 10, usivuke 15, utasukuma hata sili nzima. Zungusha shafti kwa mkono, ingiza gia na kutoa, kisha paka povu la sabuni: nyuma ya propela, kuzunguka hausingi, kwenye fimbo ya gia, chini ya pampu ya maji, kwenye skrubu zenyewe. Mshale ukae palepale dakika 5. Wa kwangu ulishuka huku unautazama, na mapovu yalitoka shafti ya kusimama. Palepale wasipopagusa.

Gereji nzima haina geji ya namna hiyo. Nilitafuta kwa macho.

Mkifunga sili wenyewe, andikeni pembeni ile ya zamani ilitazama wapi kabla ya kuing'oa, kwa sababu zinakaa mbili mbili na upande wenye springi ndio unaotazama kile kinachozuiwa. Pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo unapokaa. Ukikwama, pana mfereji, na sili mpya itavuja kama ya zamani. Nafasi ikiwepo, ikalishe sili milimita 1 au 2 mbele au nyuma ipate uso safi. Msasa unaondoa kutu, mfereji hauondoi. Jaza grisi ya baharini katikati ya sili mbili. Meno ya shafti ya kusimama paka grisi, ila ncha yake ya juu iache kavu, grisi ikijazana pale mguu haukai sawa. Oili inaingizwa kwa tundu la chini mpaka itoke juu bila mapovu, unafunga la juu kwanza, halafu la chini, kwa washa mpya zote mbili, zile pete ndogo za skrubu. Washa ile ndogo ya bei ya andazi ndiyo inawatesa watu wengi kuliko sili. Na propela ifunguliwe mara kwa mara, hasa mkipita penye wavuvi wa mshipi: nailoni inajikunja nyuma yake na kupenya mpaka mdomoni mwa sili.

Nilisema nyota tatu. Nimeikumbuka tena ile supu, naacha moja. Ingawa fundi wao kijana, aliyefanya kabureta, hakucheka na wenzake, na baadaye alinifuata nje kuniambia kwa sauti ya chini kwamba sili za shafti ya kusimama hazikuwepo dukani siku ile, bosi akasema mfunge tu. Basi mbili, moja ni ya huyo kijana. Sasa hivi sili na oringi halisi wanazo, zimeletwa na basi kutoka Dar, bei yake siyo mbaya. Nunueni pale, mkafungie kwingine.