Redio ya gari inakoroma? Feraiti, filta na aisoleta, ipi ununue na uifunge wapi

Habari zenu wadau, karibuni tena, leo nipo hapa Shangani Mtwara, gari iko nyuma yangu boneti wazi, na hapa mezani nina vitu ambavyo mmeniuliza sana: hivi vidude vyeusi vya kubana kwenye waya vinaitwa feraiti, hii hapa filta ya umeme wa redio, na hiki kiboksi kidogo cha kwenye waya wa AUX, ule wa kuunganisha simu na redio, ndio aisoleta. Vyote vinauzwa kwa maneno yale yale, inaondoa kelele. Sasa kelele ipi? Maana kila kimoja kina kelele yake, unaweza ukafunga filta nzuri kabisa mahali ambapo kelele haipiti halafu ukaondoka unasema umeuziwa feki.

Kwahiyo ngoja tuitafute kelele kwanza. Weka funguo kwenye ACC, pale redio inapopata umeme, injini usiwashe, washa redio. Kama inakwaruza vilevile basi altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, na plagi huna kesi nazo. Sasa washa injini upige resi taratibu. Ukisikia mluzi mwembamba unaopanda na injini, wiiiii, hiyo ni altaneta. Ukisikia tak tak tak inayoongeza spidi kadri unavyokanyaga, huo ni moto wa plagi, angalia namba ya plagi zako, kwa NGK na Denso herufi R maana yake ndani kuna rezista ya kupunguza hiyo kelele, kama fundi amekuwekea zisizo na R mwambie abadilishe, na waya za plagi zilizochanika nazo zibadilishe, hapo hakuna filta ya kununua.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni hili: chomoa redio kwenye dashibodi, ule waya wa antena kwa nyuma utoe. Redio itapiga chwaaa yake ya kawaida ya kukosa kituo, hiyo usiihesabu, wewe sikiliza ule mluzi au ule mkoromo wako. Ukipotea ujue ulikuwa unaingilia kwenye antena. Ukibaki ujue unapita kwenye waya wa umeme au kwenye negativu, yani ule waya wa redio unaofungwa kwenye chuma cha gari. Hapo tayari umeshajua nusu ya pesa yako inaenda wapi.

Halafu sasa chaja. Jamani chaja za simu za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Hii niliyoshika nimeifungua makusudi muone, jina silitaji, sogeza kamera hapa. Mnaona hii bodi? Hapa pameandikwa L1, hapa C2, na matundu yapo matupu, hakijawekwa kitu. Yani aliyeichora bodi aliweka nafasi ya koili na kapasita ya kuchuja, aliyeitengeneza akaruka. Betri ya gari ina volti 12, injini ikiwaka inafika kwenye 14 hivi, simu inataka 5, kwahiyo hii chaja inakata umeme na kuuachia mara laki kadhaa kwa sekunde moja, na huko kukata kunatoa mawimbi yanayopanda juu mpaka kwenye FM yetu ya 87.5 mpaka 108. Bila kichujio waya wa simu unageuka antena ya kurusha, na mara nyingi umelala sentimita chache tu kutoka kwenye redio.

Sikilizeni hii redio ndogo ya betri, nimeiweka AM sehemu isiyo na kituo. Naisogeza kwenye dashikamu, hii kamera ya kwenye dashibodi... kidogo. Kwenye taa za LED za mbele... ipo, hasa karibu na kile kiboksi chake. Kwenye chaja... mmesikia? Inanguruma kabisa. Kwa kazi ya kumsaka mwizi hii redio ya mfukoni inazidi vifaa vingi vya bei, na wengi mnayo nyumbani.

Kuna watu wananiambia mbona mjini haisumbui, inaanza nikishapita Mingoyo kuelekea Masasi, nikifika Mtama ndio siwezi kusikiliza kitu. Ni kweli kabisa. Ukiwa hapa mjini Jamii FM au Safari FM zinakuja na nguvu, zinaifunika hiyo kelele, redio ya FM inashika kile chenye nguvu zaidi. Ukienda mbali kituo kinafifia ila chaja yako iko palepale kwenye dashibodi na nguvu yake ileile. Kwahiyo paki pembeni, chomoa chaja, sikiliza. Isipobadilika zima injini. Ikibaki hivyohivyo basi umbali tu umekushinda, au antena.

Haya, bidhaa. Feraiti mimi naipa alama za juu, lakini ifunge kwa anayepiga kelele, sio kwenye redio. Bana kwenye waya wa chaja karibu kabisa na chaja yenyewe, na waya usiupitishe mara moja tu, uzungushe upite ndani mara mbili au tatu, maana kizuizi kinapanda kwa mraba, ukipitisha mara mbili unapata kama mara nne ya mara moja. Chukua yenye tundu kubwa kidogo ili waya urudi. Hii ndogo inayobana waya mmoja na haina nafasi sijaipenda. Na kama chaja ni kama hii niliyofungua, kwa kweli itupe, feraiti itapunguza ila haitaponya.

Filta ya umeme hii ni ya ule mluzi wa altaneta unaobaki hata antena ukiitoa. Ndani ni koili na kapasita tu. Ninayoikubali ni hii nzito, koili yake imesukwa waya mnene, kwasababu inabeba umeme wote wa redio. Angalia fyuzi nyuma ya redio yako, nyingi ni ampia 10 au 15, filta isiwe chini ya hapo, ikiwa chini inachemka. Ila kabla hujainunua angalia negativu ya redio imefungwa wapi, mafundi wengi wanaibana kwenye skrubu yoyote ya dashibodi yenye rangi. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga hapo, sikiliza tena. Mluzi mwingi unaishia hapo bila kununua chochote.

Aisoleta yenyewe ina kazi moja: unapiga muziki kwa AUX huku simu iko kwenye chaja, mluzi unakuja, ukichomoa chaja unaisha. Hapo inaondoa kabisa, nimeridhika nayo. Hii ya bei ya chini inakula besi kidogo, kwa taarabu na singeli utaiona tofauti. Kwenye FM haikusaidii hata chembe.

Sasa sisi wa pwani tuna letu. Kuanzia Mikindani mpaka Lindi chumvi inakula shina la antena. Fungua hapa kwa chini, mnaona huu unga wa kijani na kutu? Waya wa nje wa antena unatakiwa ushike chuma cha bodi ya gari, pima kwa mita upande wa omu isome karibu na 0. Ukiona namba kubwa safisha, paka grisi, funga. Antena isiyoshika bodi ya gari inabeba kila takataka ya injini.

La mwisho, gari za Japan. Redio zao za zamani zinaishia 90, ndio maana unafungiwa ekspanda, inazishusha stesheni zetu ziingie humo, na yenyewe ina mtambo wake wa mawimbi ndani. Ikikoroma muda wote hata injini imezimwa, iruke, chomeka antena moja kwa moja kwenye redio, tafuta kituo kati ya 87.5 na 90. Kikiwa safi basi ekspanda ndio shida, ibadilishe au weka redio inayofika 108. Na ukiweka redio mpya kwenye gari yenye antena ya kwenye kioo usisahau waya wa bluu, ndio unaipa umeme ampu ya antena, usipoungwa utatafuta kelele ambayo haipo.

Nirekodieni kelele zenu mtume, semeni gari gani, injini imewashwa au imezimwa, na antena ukiitoa inakuwaje.