Kahawa ilinisomesha, nikaja kuionja nina miaka 45: uzoefu wangu na mgahawa mdogo wa Moshi

Baba yangu alisomesha watoto watano kwa kahawa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeijua ladha yake. Kwetu Kibosho asubuhi ni chai ya maziwa, jioni chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa kazi. Msimu ukifika tulipita mbuni mmoja mmoja chini ya migomba tukichuma zilizoiva nyekundu tu. Jioni tunazimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, zinalowekwa, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja vya waya. Wingu likitanda, hata kama tonge liko mdomoni, unakimbia kufunika. Zikikauka zinatiwa kwenye gunia, gunia linapelekwa chama cha msingi, na hapo ndipo tulipoagana nazo. Mgeni akija tulimkorogea kahawa ya unga ya kwenye kopo, iliyonunuliwa dukani.

Nilianza kunywa kahawa nilipohamia Dar es Salaam kikazi. Aliyenianzisha ni mzee mmoja wa Kariakoo, dele lake analibeba na jiko lake la mkaa, na mkono wa pili unagonganisha vikombe kuwaambia watu kwamba anapita. Baada ya alasiri anatua kijiweni. Kikombe shilingi 200, na kashata ya karanga pembeni kwa sababu kahawa yenyewe haitiwi sukari. Ni ya moto, ni chungu, na tangawizi inapanda mpaka puani. Kwenye benchi lile nimesikia habari za misiba, bei za viwanja, mechi za Simba na Yanga, na siku niliyofiwa na baba ni watu wa benchi lile waliofika nyumbani kwangu wa kwanza. Kijiwe kile siwezi kukipimia nyota. Ila kiliniachia imani moja, kwamba kahawa yote ni chungu na uchungu wenyewe ndiyo kahawa.

Migahawa ya kisasa ya mjini haikunibadilisha mawazo. Kuna mmoja, sitautaja, una viyoyozi na viti vya ngozi, nililipa shilingi 9,000 kwa kikombe kimoja. Nikamuuliza kijana aliyenihudumia kahawa hii inatoka wapi. Akajibu kwa fahari, "Hii ni ya nje, bosi." Nilikinywa hadi mwisho kwa sababu nilishalipa. Kilikuwa na ladha ya moshi na vumbi. Njiani nilichukia kweli. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya nchi hii inauzwa nje, halafu mtoto wa mkulima anauziwa ya nje katikati ya Dar kama vile kafanyiwa heshima.

Mwezi wa tisa nilipanda Moshi kwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Nilifika siku mbili kabla, shughuli zikawa hazijaanza, nikashuka mjini kuzunguka. Kwanza niliingia Union Café, mgahawa wa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Chama kile ndicho kilichokuwa kinapokea gunia letu kutoka chama cha msingi. Wakulima wa Kilimanjaro walianza na umoja wao wa KNPA mwaka 1925, ukavunjika, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Jina hilo nimelisikia tangu tumboni, likitajwa pamoja na ada na malipo ya pili. Kukaa chini ya paa lao nikiletewa kikombe kama mteja kulinigusa kuliko nilivyotegemea. Kahawa yao ilikuwa safi. Nilitoka nimeanza kutilia shaka ile imani yangu ya uchungu.

Kesho yake nikiwa natembea mtaa wa nyuma, si mbali na Soko la Mbuyuni, nilikutana na harufu. Mwanzo nilidhani mtu anaoka mkate. Hatua chache mbele ikageuka, ikawa nzito, kama karanga zinazokaangwa. Niliifuata mpaka kwenye fremu moja ya duka, mlango mmoja, viti vitano, hakuna hata kibao nje. Majirani wanapaita kwa dada wa kahawa, na mimi nitapaita hivyohivyo.

Ndani alikuwa amesimama mbele ya ngoma ndogo ya kukaangia inayozunguka juu ya gesi. Hakugeuka.

"Karibu kaka, ila nivumilie kidogo. Hii siwezi kuiacha sasa hivi."

Nikasogea kutazama. Buni ninayoijua mimi ni ya kijani iliyopauka, ngumu kama kokoto. Mle ndani ilikuwa imeshakuwa njano, kisha rangi ya ganda la mdalasini, huku moshi mwembamba ukianza. Halafu nikasikia tak. Kimya. Tak, tak. Kisha zikaanza zote pamoja kama bisi sufuriani. Dada akainua kidole niendelee kunyamaza. Alikuwa anahesabu. Akanieleza baadaye kwamba mlio ule ni buni inapasuka kwa mvuke uliomo ndani yake, na ukishaanza huna zaidi ya dakika chache za kuamua. Ukiwahi kuitoa inabaki na uchachu wa kitu kibichi, ukichelewa unaiunguza. Aliimwaga yote kwa mkupuo kwenye sinia la matundu lenye feni chini, akaikoroga kwa mikono miwili hadi ikapoa. Kilo moja mbichi ilikuwa imebaki gramu 840 hivi kwenye mizani. Inayopungua ni maji yanayoondoka kwa moto, pamoja na makapi yanayopeperuka.

Nilitaka nionje hiyohiyo. Akakataa.

"Ya leo bado inapumua. Nakupa niliyokaanga siku chache nyuma."

Kahawa ikikaangwa inajaa hewa, na hewa hiyo inatoka taratibu kwa siku kadhaa. Ukiiwahi mno, hewa inayasumbua maji yasiingie vizuri. Ukikaa nayo miezi, inachakaa na harufu inakwisha. Kumbe ile ya viti vya ngozi ilikuwa ni ya zamani tu, imeshakufa, halafu ikafichwa kwa kuunguzwa sana.

Akapima gramu 15, akasaga kwa mashine ya mkono, akaziweka juu ya karatasi ya kuchujia. Maji yalikuwa yamechemka na kuachwa yatulie kidogo. Alitia kidogo tu ya kulowesha, na unga ukaumuka, ukainuka katikati kama donge la maandazi lililowekwa juani, ukiwa na mapovu madogo yanayopasuka. Akangoja kama nusu dakika. Ndipo akamimina yaliyobaki kwa kuzungusha, polepole, mpaka kikombe kikajaa. "Hii ni ya Uru, ya juu huko," akasema, akanitajia kitongoji na jinsi mkulima wake anavyoianika. Sukari hakunipa. Aliniomba nionje mara tatu kwanza, halafu kama bado naitaka ataileta.

Ngoja nieleze vizuri hapa, maana hii ndiyo sababu ya kuandika. Tulipokuwa watoto, tukichuma, tulikuwa tunazitia mdomoni zile nyekundu zilizoiva sana, tunazibana kwa ulimi, ganda linapasuka, tunafyonza ule utelezi mtamu kabla ya kutema buni kwenye kikapu. Mama akituona anatugombeza. Utamu ule una uchachu kwa mbali, si wa sukari wala wa ndizi, na sijawahi kuukuta kwenye tunda lingine. Nilipokunywa mara ya kwanza niliusikia, hafifu. Mara ya pili nikawa na uhakika. Ulikuwa umepita kwenye mashine, kwenye maji, kwenye jua, kwenye moto, na bado umo. Nilikaa na kikombe kile robo saa nzima. Dada aliona sura yangu, akaniacha, akaendelea kufunga pakiti.

Kikombe ni shilingi 3,500. Pakiti ya gramu 250 ni shilingi 10,000, na kuna watu nimewasikia wakilalamika kwamba ni ghali. Pigeni hesabu. Kwa gramu 15 kila kikombe unapata vikombe 16, yaani karibu shilingi 625 kwa kimoja nyumbani kwako, chini ya bei ya soda. Na mkaangaji ameshapoteza zaidi ya gramu 150 kwa kila kilo aliyonunua kabla hajauza hata punje.

Kasoro zipo. Ukiwa na haraka usiende, kwa sababu anatengeneza kikombe kimoja kimoja, na mkiwa wanne wa nne atasubiri nusu saa. Siku ya pili umeme ulikatika na kwa kuwa ngoma inazungushwa na mota, siku hiyo hakukaanga. Viti ni vya plastiki na kimoja kimelegea mguu. Kahawa ya maziwa niliagiza mara moja, sikuipenda, maziwa yalikuwa mengi na yamechemshwa kupita kiasi. Jumapili hafungui, na kadi ya benki hapokei, ni taslimu au lipa namba. Chakula hakuna, ila jirani yake anauza sambusa na hakatazi uingie nazo.

Kabla sijaondoka nilimwambia kwamba nyumbani Kibosho tumebakiza mibuni kama 60. Ilikuwa zaidi ya 400. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei yalivunjika, bei ikaanguka, na miaka ya 90 majirani wengi waling'oa wakapanda nyanya na mahindi. Baba naye aling'oa, ila ile iliyo karibu na nyumba alishindwa kuigusa. Sasa anaitunza kaka yangu. Dada akauliza, "Unaweza kuniletea kilo mbili? Nitakukaangia, unilipe gesi tu."

Jumamosi nilimletea. Alizikagua juu ya meza, akatenga zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu, akanionyesha kila aliyoitoa na sababu yake. Hakuna aliyewahi kutukalisha chini hivyo. Kwetu tuliambiwa daraja na bei, basi. Zile punje za duara zinazoota moja peke yake ndani ya tunda badala ya mbili alizikusanya kando akasema hizo zinapendwa sana huko zinakokwenda. Nakumbuka sisi tulikuwa tunazichezea.

Nilimpelekea mama pakiti yake, nikamtengenezea jikoni kwake kwa chujio la chai, kwa kuwa vifaa vingine sikuwa navyo. Mama ana miaka 74. Alinusa kwanza, muda mrefu. Akanywa. Akaweka kikombe mezani akakigeuza kwa mkono ili akione vizuri.

"Hii ni ya ile iliyo karibu na mfereji?"

Nikamwambia ndiyo, na ile ya nyuma ya zizi.

"Baba yako alisema hizo za mfereji ni tamu. Nikamuuliza umejuaje na wewe hujawahi kuinywa." Akanywa tena. "Niongezee, mwanangu."

Tangu hapo kila mji ninaokwenda nawatafuta watu wa namna hii, na wapo wengi kuliko nilivyodhani. Wengi ni vijana, wana mashine ya mkono na fremu ya kupanga. Siangalii tena viti wala kibao. Nauliza imekaangwa lini na nani, na jibu likija haraka, na tarehe yake, nakaa. Arusha nimempata mmoja, Dar wawili. Mji Mkongwe nilikaa Jaws Corner jioni nzima na finjani yangu nikitazama wazee wakicheza bao, na ile ni kahawa ya aina nyingine kabisa, ya baraza, ambayo thamani yake iko kwa watu unaokunywa nao. Rafiki yangu wa Bukoba aliniambia kwao mgeni hukaribishwa kwa buni ya kutafuna. Nimemuahidi nitakwenda.

Niliporudi Dar nilimpa mzee wa Kariakoo nusu ya pakiti yangu. Shikamoo, marahaba, akaifungua, akamimina punje kiganjani, akazigeuza kwa kidole gumba. "Huyu aliyekaanga ana mkono," akasema. Akaitwanga kwenye kinu chake mwenyewe, na siku hiyo hakutia tangawizi. Alimimina kikombe cha kwanza, hakunipa mimi wala mteja yeyote. Aliketi kwenye benchi letu, jambo ambalo sijamuona akilifanya akiwa kazini, akakinywa chote kabla hajagonganisha vikombe.